Barua ya Syokau kwa Daktari wa Macho

Kila asubuhi Syokau aliwafungulia mbuzi, kisha akamwekea baba mkwe wake kiti. Mzee huyo, Ndeti, hakuona tena. Kwa miaka minne macho yake yalikuwa na ukungu. Akitembea, alishika bega la mkewe, Kaluki.

Mwaka huo, 1984, daktari mgeni wa macho alikuwa anakuja hospitali ya Mutomo kwa wiki moja tu. Hakujua Kiswahili. Watu waliambiwa waandike barua kwa Kiingereza, ili majina ya wagonjwa yapangwe mapema. Syokau alikuwa amesoma gumbaru, masomo ya watu wazima, miaka miwili. Akaandika mwenyewe.

Barua ikarudi. Chini yake kulikuwa na swali: mgonjwa ni nani?

Zilibaki siku tatu daktari afike. Syokau akakimbia kwa Mumbua, mwalimu wa gumbaru. Mumbua akasoma, akacheka kidogo.

"Hapa umeandika *he* haoni. Hapa *she* anaanguka. Wagonjwa ni wawili?"

"Ni mmoja, mwalimu. Ni yeye."

"Yeye nani?"

Syokau akatazama chini. "Unajua siwezi kusema."

Mumbua alijua. Kwao, mke hataji jina la baba ya mume wake. Ni heshima.

"Sikiliza," Mumbua akasema. "Sisi tuna *yeye* mmoja. Kiingereza kina wawili. *He* ni mwanamume, *she* ni mwanamke."

"Na mbuzi?"

"Mara nyingi ni *it*, kama jiwe."

"Jiwe! Mbuzi wangu akisikia hivyo, ataninyima maziwa."

Wakacheka. Kisha Mumbua akasema, "Ukiandika *he* peke yake, daktari atajua ni mwanamume. Lakini wanaume ni wengi. Taja mtu kwanza, halafu *he* atamfuata. Nyumbani wote wanajua unamheshimu nani. Daktari hajui."

Syokau alirudi pole pole. Alimweleza Kaluki, lakini mzee alikuwa anasikiliza.

"Mama," mzee akamwambia Syokau, "heshima yako naijua. Mdomo wako usiseme. Lakini mkono hauna mdomo. Andika."

"Baba, nitaona haya."

"Ona haya. Mimi nataka kuona watu."

Kaluki akapiga makofi. "Haya, andika!"

Syokau akaandika *Ndeti*. Akaongeza kwamba ni baba ya mume wake. Kuanzia hapo akaweka *he* kila mahali, mpaka mwisho. Siku hiyo hiyo akaipeleka hospitalini kwa miguu.

Jina likaingia kwenye orodha. Mzee akapasuliwa macho. Siku ya kufunguliwa bandeji, alikaa kitandani akipepesa macho. Akamtazama Syokau. Akamtazama mama aliyesimama kando ya Syokau, mwenye nywele zilizogeuka nyeupe katika miaka ile minne.

"Syokau," akanong'ona, "na huyu mzee ni nani?"

Kaluki akashika kiuno. "Syokau, mwandikie daktari tena! Mwambie arudishe bandeji!"

Mzee akacheka mpaka machozi yakatoka. Kisha akaushika mkono wa Kaluki, akaendelea kumtazama.