Waliomhukumu Jafeti

Jumamosi mchana Tunduma haina pa kuweka mguu. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka mpakani hadi nje ya mji, wabadilisha fedha wanaita kila mwenye begi, na Gwantwa alikuwa anarudi kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na mfuko wa rasta za kusukia kichwani. Alivaa gauni la kitenge cha zambarau na sweta ya kahawia juu yake, maana upepo wa huku haujali kama jua limewaka. Mbele ya duka la vyombo vya umeme akasimama. Televisheni zote za dirishani zilikuwa zinaonyesha marudio ya Pete ya Mkopo, na watu walikuwa wamejaa hadi barabarani.

Tamthilia ile ilikuwa inaingia mwaka wa sita. Siku hiyo Salome, mwanamke aliyependwa kwa sababu hakuwahi kuvumilia uongo, alikuwa anamsamehe mumewe Jafeti. Jafeti alikuwa amemficha mtoto aliyempata kabla ya ndoa.

"Huyu si Salome," Gwantwa alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Wamemharibu."

"Ni yeye," sauti ikajibu pembeni yake. "Amechoka tu."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jepesi la bluu, mikono imekunjwa vizuri, kalamu mfukoni kama wale wanaoshughulikia karatasi za malori forodhani.

"Mtu akichoka analala," Gwantwa akamwambia. "Hasamehi ovyo."

Kijana akacheka, akauliza kama yeye ni mtu wa milimani Ileje. Gwantwa akataka kujua amejuaje.

"Unakasirika taratibu, kama mtu anayepanda mlima."

Jina lake lilikuwa Sufiani, mtu wa Kondoa. Hakuomba namba ya simu. Aliuliza saluni anayosukia iko wapi, akaelekezwa Majengo, kwa Mama Aliko, na kesho yake jioni akaja.

Mama Aliko, jina lake hasa Restuta, alikuwa na televisheni juu ya kioo kikubwa, na saa ya Pete ya Mkopo ikifika hakuna kichwa kilichosukwa haraka. Wanawake walijaa kuliko kwenye mkutano. Wanaume wa mtaani walipendelea mpira, lakini Sufiani alikaa kwenye benchi la mlangoni na kikombe cha chai, mpaka wakaanza kumwita shemeji kabla Gwantwa hajamkubali.

Ubishi wao ulikuwa mmoja, ukirudi kila jioni kwa sura nyingine. Mama Aliko alidai mwandishi wa kwanza ameondoka, na hawa wapya hawakumjua Salome. Wamemkuta kama mtu anavyokuta nyumba ya kupanga. Mwanaasha, mke wa tajiri wa malori na mteja wa kila wiki, alisema kosa ni la waandishi wote: wanaogopa watu wenye furaha. Wawili wakipendana kwa amani, hadithi inakosa chakula, basi lazima waachanishwe kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Sufiani alisema mtu asiyebadilika miaka sita si mtu, ni nguzo ya umeme.

"Abadilike, sikatai," Gwantwa alisema. "Lakini nionyeshwe kilichombadilisha. Jana mkali, leo laini, hiyo si tabia yake. Hiyo ni kalamu ya mtu."

Wote wakamkubalia. Tangu siku hiyo neno la mwisho juu ya Salome likawa lake.

Mapenzi yao yalikua katikati ya ubishi huo. Sufiani alimpigia kila asubuhi kabla ya kuingia ofisini.

"Salome wangu, umeamkaje?"

"Usiniite jina la mtu aliyeharibiwa."

"Basi nikuiteje?"

"Niite jina nililopewa na baba."

Na baba huyo, mzee Sadoki wa Ibaba, kule Ileje, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa kikwazo. Hakutaka mkwe Mwislamu. Gwantwa alipanda kwao mara nyingi, akalima pamoja naye, akamwongelesha kwa Kindali, lugha ya kwao, mpaka mzee akalegea: wafunge ndoa bomani, kila mtu abaki na sala yake. Sufiani akamvisha pete ya fedha. Maua ya kahawa yalikuwa meupe kwenye mashamba yote ya Iyula wakati huo, na Gwantwa alikuwa anaimba akisuka.

Kwenye televisheni, mtoto wa Jafeti alikuwa amehamia kwa Salome, na saluni ilikuwa inamhukumu Jafeti kila jioni. Siku moja Mwanaasha aliuliza kila mmoja angefanya nini. Gwantwa hakufikiri.

"Mwanamume aliyekuficha mtoto ameshakuacha, ila hajafungasha. Ningekuwa mimi, pete ningeirudisha siku hiyo hiyo."

Wakampigia makofi. Sufiani, benchini, alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Aliaga mapema.

Wiki chache baadaye Mwanaasha alikuja kusukwa, akacheka kabla ya kukaa. Dereva wa mume wake alikuwa ametoka Kondoa. Alikuwa amepewa mzigo na Sufiani aupeleke kwa mama yake: sare za shule, viatu vidogo, na sweta ya mtoto wa kike anayeitwa Naila, anayemwita Sufiani baba.

"Kumbe shemeji naye ni Jafeti," akasema. Hakusema kwa ubaya. Aliona ni kichekesho kizuri.

Mama Aliko akapunguza sauti ya televisheni.

Jioni Sufiani alipofika, hakuna aliyemwita shemeji. Alimtazama Gwantwa, akajua. Akamwomba watoke nje.

"Sema hapa," Gwantwa akajibu.

"Naila ni mwanangu. Mama yake alifariki akijifungua. Analelewa na bibi yake."

"Na kuniambia mimi ulikuwa unangoja nini?"

"Nilitaka kukwambia. Nilikuja hapa mara ngapi na maneno yakiwa mdomoni." Akatazama chini. "Kila nikija nawakuta mnamhukumu Jafeti. Nikasema acha imalizike hiyo hadithi, nitamwambia. Ikawa haimaliziki."

Gwantwa alimwamini. Alimwamini palepale, akamwonea huruma yule mwanamke aliyekufa na mtoto aliyekua bila mama. Kama wangekuwa wawili angelia, na mambo yangeishia hapo. Lakini kwenye kioo aliona nyuso zote zimegeuka, wengine nywele nusu zimesukwa, zikingoja kuona kama maneno yake yalikuwa yake. Zaidi ya alivyompenda Sufiani, kwa dakika ile aliogopa kuwa Salome.

Akavua pete, akaiweka juu ya benchi, karibu na kikombe.

 Sufiani akaichukua, akawaaga wote kwa heshima, akatoka.

"Huo ndio msimamo," Mama Aliko akasema, na mtu akapiga makofi.

Sufiani alipiga simu mara moja tu, siku ya tatu, saluni ikiwa imejaa. Gwantwa aliitazama ikiita kwenye meza, Mama Aliko akamtazama yeye, na simu ikanyamaza. Baada ya hapo Gwantwa alimngojea apige tena. Sufiani naye, aliyedhani amejibiwa mara mbili, hakupiga. Ofisi yake ilipotafuta mtu wa kwenda Dodoma, karibu na kwao, alijitolea.

Kahawa ikaiva, ikavunwa. Pete ya Mkopo ikafika mwisho.

Saluni haikuwa na nafasi ya sindano. Salome, ambaye waandishi walikuwa wamemtenganisha na Jafeti na kumrudisha zaidi ya mara moja, alifunga naye ndoa upya, mtoto akiwa amewashikia maua. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Aliko alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Amefanya vizuri," akasema. "Mtoto ana kosa gani?"

"Tena wanapendana," Mwanaasha akadakia. "Mimi tangu mwanzo nilisema."

Gwantwa alikuwa ameshika kitana. "Mama Aliko. Na mimi?"

"Wewe nini, mwanangu?"

"Mlinipigia makofi."

Mama Aliko alichukua muda kukumbuka. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba wao walifuata alivyosema mwenyewe. Tena, akasema, hakuwaambia kwamba anampenda Sufiani kiasi hicho. Halafu akauliza tamthilia mpya inaanza lini.

Gwantwa akatoka nyuma ya saluni, kwenye mapipa ya maji, akampigia Sufiani. Alipokea upesi.

"Gwantwa."

"Nilikosea," akasema. "Siku ile nilikuamini. Nilikuamini ukiwa bado unaongea."



"Nilijua," Sufiani akasema. "Niliona macho yako kwenye kioo. Nikangoja uje barabarani unifuate. Nilisimama pale kwa muda."

"Nije Kondoa?"

 Sufiani akasema mama yake amezeeka, hawezi tena kukimbizana na mtoto. Akasema ndugu walimwongelesha, na mwisho akawakubalia. Gwantwa akaelewa kabla hajamaliza, akamsaidia kwa kuuliza jambo lingine.

"Naila nywele zake zikoje?"

"Nyingi. Ngumu. Akichanwa analia mtaa mzima."

"Zisichanwe kavu. Zilowekwe kwanza, zipakwe mafuta, mtu aanzie chini kwenye ncha. Apande taratibu."

"Nitamwambia."

Kwa mbali sauti ya mwanamke ikaita kwamba chakula kinapoa. Haikuwa sauti mbaya. Sufiani aliweka kiganja kwenye simu, lakini hakikuziba vya kutosha.

"Nakuja, Mama Naila," akajibu.