Umbo Chini ya Nailoni

“Kabla yangu, nani alikuwa analala humu?”

Kaka aliitazama taa ya darini kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Wifi akaendelea kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Binti, ambaye kaka yake alimwita Wakili kwa kupenda kwake ubishi, akaliacha swali lake lipite. Alikuwa ametoka bwenini juzi tu, na sasa alikuwa na chumba chake mwenyewe. Atamhoji vipi aliyemkaribisha?

Chumba hakikuwa na kasoro, ila sakafu. Saruji tupu, baridi ya kuuma nyayo, na kila asubuhi godoro limelowa kwa chini. Alitaka kutandika mbao. Akamwita fundi.

“Mbao hapa zitavimba mpaka mlango ugome, dada,” fundi alisema. “Tupime kwanza. Tunatandaza nailoni, tunaziba kingo zote kwa gundi. Siku mbili. Ikitoa jasho kwa chini, maji yanatoka ardhini.”

“Na kama hayatoki ardhini?”

“Basi utanieleza wewe msomi.”

Wakili hakubali ushahidi nusu. Akataka kipande cha nailoni kibandikwe kila chumba, hata chini ya kitanda cha binti wa kaka, mtoto wa miaka mitatu. Chumbani kwake ilitandazwa ukuta hadi ukuta, godoro likarudishwa juu.

“Weka zulia yaishe,” kaka alisema akiwa mlangoni. “Usichimbue tu.” Tangu amkabidhi funguo, hakuwahi kuvuka kizingiti kile.

Siku ya pili, adhuhuri, walikagua. Vyumba vingine, vikavu kabisa. Kwake wakainua godoro, na jua likiwa limejaa dirishani wakaona matone yaliyojipanga chini ya nailoni, kwanza kichwa, kisha bega, kisha kiuno na magoti yaliyokunjwa vilevile alivyozoea kulala yeye, isipokuwa mikono, maana mikono ilikuwa imeinuliwa, viganja vimebandikwa kwa chini pale hasa ubavu wake ulipokuwa ukilala, na umbo lote likawa linafifia na kukolea, linafifia na kukolea, taratibu, kama kioo kinachopuliziwa pumzi, huku harufu ya kinywa kilichofumbwa miaka mingi ikipanda kutoka kwenye kingo zilizozibwa.

Fundi aliondoka bila kuchukua mwiko wake wa saruji.

“Kaka,” Wakili alinong’ona kuelekea mlangoni, kaka na wifi walikosimama. “Nani alikuwa analala humu?”

Wifi ndiye aliyejibu, macho chini. “Binti wa kazi. Tulipomrudisha kwao, magoti yalikuwa hayanyooki tena.”

“Mganga alishindwa kumtoa jini aliyemo humu,” kaka alisema. “Alisema jini huyu anasikia baridi. Akipata mwili wa kumpasha joto, hahami chumba hicho. Mimi nina mtoto, Wakili.”

“Na mimi ni nani yako?”

Mtu aliyembeba mgongoni utotoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akatazama taa ya darini.

Alasiri ile ile alifunga begi, akaenda kwa rafiki yake. Godoro aliliacha.

Asubuhi ya tatu simu ililia. Kaka alikuwa anahema.

“Nailoni ya chini ya kitanda cha mtoto imetoa jasho. Umbo dogo, Wakili. Limekunja magoti.” Nyuma yake mtoto alikuwa akilalamika kwamba anasikia baridi. “Mdogo wangu, nakuomba, rudi ulale chumbani kwako.”