Jicho la Darubini

Toyota Land Cruiser nyeupe ilipita Chanika bila kugusa breki.

Nyuma yake, pikipiki. Yamaha.

Nailantei alilala juu ya tangi, vumbi likimkwaruza kooni. Redio ilikoroma sikioni.

"Swala, hapa Ngome. Wanaelekea wapi?"

"Mazingara. Nadhani kuna ndege inakuja kuwachukua."

"Kifaa kisipande ndege. Ikibidi, kivunje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa, lakini hakupenda. Kwa miezi mingi alijifanya mfagiaji katika karakana moja mjini Korogwe, akimlinda Mzee Mhina bila mwenyewe kujua. Humo mzee alikuwa akiunda jicho la darubini kubwa kupita zote: kitambuzi cha mwanga, chembamba kama ukucha, ndani ya mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali. Kingenasa mwanga wa nyota ulioanza safari kabla dunia haijaumbwa.

Jicho hilohilo, likifungwa kwenye kombora, lisingekosa shabaha.

Ndiyo maana mgeni aliyejiita Ernesti alilitaka. Asubuhi hiyo watu wake walimteka Mashavu, mke wa Mhina. Mzee akafungua mlango wa karakana kwa mkono wake mwenyewe. Wakabeba kifaa, wakamchukua na yeye.

"Swala, Mama Mashavu amepatikana Mpale. Mzima."

Nailantei akashusha pumzi. Kisha akapiga simu.

"Mjomba Sankale, shikamoo."

"Marahaba. Mbona upepo mwingi hivyo?"

"Gari jeupe linakuja upande wako. Lizibie njia kwa ng'ombe wako."

"Wakigongwa je?"

"Mjomba, nakuomba."

Mbele, kundi zima likamwagika barabarani. Land Cruiser ikafunga breki, ikaserereka, ikamvaa fahali mmoja na kutumbukia mtaroni. Dereva akatimkia vichakani.

Ernesti akatoka, mtungi kwapani, bastola kisogoni kwa Mhina. Nailantei akaruka kutoka kwenye pikipiki, bastola yake ya Glock mkononi.

"Tupa silaha, au mzee anakufa!"

Mhina alimtazama mwanamke mwenye Glock.

"Nailantei? Si wewe unayetufagilia?"

"Ni mimi, mzee. Mama yuko salama. Usitikisike."

Mzee akaona Glock ilikoelekea. Haikuelekea kwa Ernesti.

"Hapana, mwanangu! Si hilo!"

Paa!

Mtungi ukapasuka. Moshi mweupe wa naitrojeni ukamfunika Ernesti mkono na shavu. Akapiga yowe, bastola ikamponyoka. Teke moja likamlaza kifudifudi. Pingu zikalia.

Juu, ndege ndogo ilizunguka, ikaona ng'ombe wametapakaa barabarani ilipotaka kutua, ikageuza.

"Ngome, nimemkamata mgeni. Kifaa kimevunjika."

"Kazi nzuri, Swala."

Mhina alikuwa amepiga magoti. Alivua kofia, akawa anaokotea humo vipande vya kitambuzi kwa ncha za vidole.

"Kule mlimani kwenye darubini wana kioo kikubwa kama nyumba," alisema polepole. "Walikuwa wanasubiri hiki tu. Ungeniacha nife, hiki kingebaki."

"Mama angebaki na nani?"

Mzee hakuinua kichwa. Aliendelea kuokota.

Nailantei alirudisha Glock kiunoni. Ng'ambo ya barabara Sankale alichuchumaa kando ya fahali aliyevunjika mguu, akimpapasa shingo. Naye hakumwita mpwawe.

Polisi walipofika, Nailantei aliwakabidhi Ernesti. Akafuta vumbi kwenye miwani yake ya jua, akaivaa, akatembea taratibu hadi kwenye Yamaha.

Hakugeuka.