Jina Lililofutwa Kwenye Makala

Jirani zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia wengi wenu mnaifahamu: ile yenye mlango wa kijani, ya mhadhiri wa kompyuta tuliyemwita Daktari. Jumamosi palikuwa na raha pale. Mkewe, mshonaji, alikaa na cherehani yake dirishani, na mezani alikaa mwanafunzi wa Daktari, msichana tuliyempa jina la Kimya, maana hata salamu alikutolea kwa kichwa tu. Alikuja kuomba intaneti, akaishia kuwa mtoto wa nyumbani. Mama mwenye nyumba akimpakulia chakula kinapoa, macho yake yako kwenye skrini.

Kimya alikuwa akiandika makala ya utafiti. Chuo chetu kina kompyuta kuu, yaani mamia ya kompyuta zilizofungwa pamoja zikigawana hesabu moja kubwa. Yeye alibuni njia mpya ya kuzigawia kazi, ili zitabiri mafuriko kabla maji hayajaingia majumbani mwa watu. Makala ilikuwa ipelekwe kwenye kongamano ng'ambo.

Akaugua homa ya uti wa mgongo. Kabla wiki haijaisha, tulimzika.

Sasa sikilizeni tamaa inavyopiga hodi. Daktari alikuwa ameusubiri uprofesa mpaka mvi zikamtoka. Siku ya mwisho ya kutuma makala ilipofika, aliifungua ile ya Kimya, akalifuta jina la msichana, akaweka lake.

"Marehemu hapandishwi cheo," alijiambia. Akatuma. Ikakubaliwa.

Hapo ndipo alipoanza kuandamwa. Kimya alikuwa ameiagiza kompyuta kuu kwamba kila mara vipimo vya mvua vikiingia, ipige hesabu upya na kumwarifu yeye pamoja na mwalimu wake. Basi kila asubuhi simu ya Daktari ikawa inalia: "Kimya, kazi yako imekamilika." Angeweza kumwambia fundi wa mitambo alifute agizo hilo. Lakini watu wa kongamano walidai matokeo zaidi, na yeye hakujua kuyapata kwa njia nyingine. Ikawa sasa anamhitaji marehemu aendelee kumfanyia kazi. Akakonda. Kiti cha Kimya pale mezani hakukikaribia tena, na mgeni akikikalia, yeye hutoka nje.

Siku moja akaja baba yake Kimya, fundi seremala, kofia mkononi.

"Samahani, mwalimu. Marehemu aliniambia kuna kitu chake kitasomwa ng'ambo. Mimi kusoma ni kwa shida, lakini jina la mwanangu nalijua. Nilitaka nilione tu."

"Haikukubaliwa, mzee," Daktari alisema, akitazama sakafu. "Ilikuwa na makosa."

Mzee aliizungusha kofia mkononi. "Basi mtusamehe, mwalimu. Alikuwa bado anajifunza."

Cherehani ilinyamaza. Mzee alipotoka, mke alisimama.

"Si uliniambia imekubaliwa? Hilo koti la safari nilikushonea la nini?"

"Mambo ya chuo huyajui, mke wangu."

"Siyajui. Lakini mzee wa watu amekuomba msamaha. Kumbe umejiandika wewe! Lirudishe jina la mtoto wake kabla hujapanda ndege."

"Nikirudi," alijibu.

Hebu lipimeni neno hilo, jirani zangu. Wangapi tumeharibikiwa kwa kusema "nikirudi"?

Huko kongamanoni, alipomaliza kusoma, mtafiti mmoja wa kike aliinuka. "Kuna msichana wa chuo chako alikuwa akiniandikia kuhusu njia hii hii, hatua kwa hatua. Mbona simwoni? Hajambo?"

"Simfahamu," Daktari alisema.

Baadaye alituhadithia mwenyewe kwamba alipotamka neno lile, alihisi mtu amesimama begani pake, anasubiri aendelee. Yule mtafiti alizitoa barua pepe za Kimya. Makala ikaondolewa, na chuo kikamfukuza Daktari. Simu ameitupa, lakini kila asubuhi huinuka kitandani akisema imelia. Mkewe anamsikia.

Mama huyo ndiye aliyekwenda karakana ya seremala kumweleza yote, akiwa tayari kutukanwa. Mzee alilaza randa chini.

"Kwa hiyo walikubali?"

"Walikubali, mzee."

"Haikuwa na makosa?"

"Hata moja."

Mzee alikaa juu ya rundo la mbao, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.

FUNZO

Kazi ya mtu ni sehemu ya uhai wake. Ukimnyang'anya akiwa hai, umemdhulumu. Ukimnyang'anya akiwa amekufa, umemuua mara ya pili, na umewaua na wazazi wake. Enyi mnaosimamia vijana, vyuoni, ofisini au karakanani, waandikeni majina yao mahali panapoonekana. Na aliyekosea asahihishe leo, wakati kuna mtu bado anamuuliza.