Injini ya Kushoto

Ilikuwa Ijumaa ya kawaida kabisa. Tulikuwa tumetoka kuswali, tumekula kuskusi ya samaki nyumbani kwa dada yangu Saloua, nami natafuta pa kujinyoosha, mumewe aliponishika bega.

"Shemeji, vaa viatu. Twende bandarini, nataka ukaone kitu."

Mondher, shemeji yangu, alikuwa mfamasia hapa Bizerte karibu maisha yake yote. Tangu auze duka lake la dawa alikuwa na wazo moja tu kichwani: boti. Si ya kuvulia samaki. Alitaka boti ya matembezi, yenye vyumba vya kulala na jiko na injini mbili za dizeli, ampeleke Saloua mpaka Sisilia. Mpya hakuiweza bei. Ikabidi atafute iliyozeeka.

Boti aliyonipeleka kuiona, Warda, ilikuwa imezeeka kwa heshima. Ilifungwa mwisho kabisa wa gati, nyeupe, mbao za sitaha zimepauka kwa jua. Mwenye kuiuza alikuwa mjane mmoja mwembamba, Lella Zakia, yaani Bibi Zakia. Hakupanda. Alisimama gatini, mkoba ameukumbatia kifuani, akawa anatuonyesha vitu kwa kidevu.

"Injini ni za zamani lakini zinafanya kazi," alisema. "Ya kushoto tu ndiyo inataka kubembelezwa."

Mondher akainama ainue mfuniko wa chumba cha injini, ule ulio sakafuni pale nyuma.

"Ngoja!" mjane akasema haraka. "Kabla hujashuka humo, gonga."

"Nigonge?"

"Gonga kwanza. Ndiyo ushuke."

Mondher akanikonyeza. "Kumbe kuna panya wenye adabu zao."

Lella Zakia hakucheka. Mondher akagonga kwa kumridhisha, tukashuka. Injini ya kulia iliwaka papo hapo. Ya kushoto ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Tukajaribu tena na tena, wapi. Mwishowe yule mjane aligeuka akaanza kuondoka zake. Hapo ndipo ilipowaka.

Fundi Naceur, tuliyemleta kuikagua, alifuta mikono akasema, "Nunua ukipenda, Bwana Mondher. Ila ujue umeoa wawili, mmoja mzima, mwingine mgonjwa."

Akanunua.

Sitaki kuwachosha na habari za miezi iliyofuata, ingawa sisi zilituchosha hasa. Nozeli za kupulizia mafuta zilibadilishwa. Pampu ya dizeli ikatolewa, ikapelekwa Tunis, ikarudi. Vichujio, betri, mipira, stata. Leo inawaka, kesho imekufa. Tukialika watu, haiwaki. Tukiwafukuza watu, inawaka. Pale bandarini wakampa Mondher jina, Nahodha wa Gatini. Kila akipita kwenye banda la kahawa la Tijani walimwuliza, "Vipi nahodha, Sisilia hawajambo?" Naye anarudi nyumbani mikono myeusi, hasemi na mtu, anasukuma sahani.

"Nimeolewa na mfamasia," Saloua aliniambia siku moja, machozi yakimlenga. "Sasa nalala na mtu anayenuka dizeli na kunung'unika usingizini. Bora angeoa mke wa pili, ningejua wa kugombana naye."

Ndipo likatokea la Fundi Naceur.

Ilikuwa asubuhi, jua kali. Fundi alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya injini ya kushoto, amejibana mahali pasipogeuka mtu. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaomba spana. Akawekewa spana mkononi. Akafungua alichokuwa akifungua, akanyoosha tena, akaomba bisibisi. Akawekewa bisibisi.

"Ahsante, Bwana Mondher," akasema.

Mondher akamjibu. Akamjibu kutoka gatini, nje ya boti, alikokuwa ananunua sigara pamoja nami.

"Unasemaje, fundi?"

Tulimwona Naceur akitoka kwenye lile shimo kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alipita katikati yetu, akaenda zake. Mfuko wa vyombo vyake aliuacha humo humo, na hakuufuata tena.

Habari za ile spana alimsimulia Tijani, mwuza kahawa, naye Tijani ndiye aliyetuambia yote. Aliinama mezani, akashusha sauti.

"Kwani hamkuambiwa? Mahfoudh, mume wa Lella Zakia, alifia humo. Walikuwa baharini wawili tu. Alishuka kutengeneza injini ya kushoto ikiwa inanguruma, mfuniko ukakwama, moshi ukamzidi. Mkewe yuko juu, hakusikia kitu kwa kelele. Ndivyo alivyosema mwenyewe mjane."

Mtu mwingine angeiuza boti siku hiyo hiyo. Mondher alipiga meza, vikombe vikaruka.

"Nimechoka! Kwanza pampu, sasa marehemu! Kesho twende baharini, mimi, wewe na dada yako. Nikishindwa, naichoma moto."

"Tukirudi salama unaiuza," Saloua akamwambia usiku ule. "Niapie." Akamwapia.

Tulitoka adhuhuri. Bahari ilikuwa shwari, imetulia kama mafuta kwenye sufuria. Tulikuwa watatu. Mondher kwenye usukani, mimi pembeni yake, Saloua nyuma, amekaa juu ya mfuniko na kikapu chake cha mikate. Injini ya kushoto iligoma tangu gatini, kama kawaida yake, tukaenda kwa ile ya kulia peke yake. Tulipoipita Rasi Nyeupe, ya kulia nayo ikachemka, ikapiga king'ora, ikazima.

Kimya.

Mondher akashika kichwa. "Hata wewe?" akaiambia, kama anaongea na mtoto aliyemwaibisha mbele za watu.

Hapo ya kushoto ikawaka.

Hakuna aliyegusa swichi. Ikanguruma vizuri kuliko siku zote, na kwa kuwa ilikuwa peke yake, boti ikaanza kuzunguka. Ikazunguka pale pale. Mondher akazima swichi. Haikuzimika. Akamwinua Saloua, akafungua mfuniko, akashuka akafunga koki ya dizeli. Akapanda jasho likimtiririka, akaufunga mfuniko kwa komeo lake la nje.

"Haina mafuta sasa. Itakufa tu."

Haikufa.

Tulisubiri. Tukazunguka. Jua likawa linapita usoni, kisogoni, usoni tena.

Kisha mfuniko ukagongwa. Chini ya miguu ya Saloua. Taratibu, kwa kifundo cha kidole.

"Mondher," dada yangu akanong'ona. "Kuna mtu."

"Hakuna mtu! Ni pistoni hiyo."

Ukagongwa tena. Halafu sauti ya mwanamume, ya mtu mzima, aliyechoka kusema jambo lile lile.

"Zakia. Fungua."

Mondher akawa mweupe.

"Pistoni haiiti watu majina," Saloua akasema.

"Usiguse!"

"Zakia. Moshi. Fungua, Zakia."

Akaanza kukohoa. Kikohozi kile bado nakisikia. Saloua alikuwa analia. Mondher akamshika mkono, Saloua akajinasua.

"Mtu anakufa, Mondher!"

Akavuta komeo. Akainua mfuniko.

Ulipanda moshi mweusi, mzito, ukatufunika. Kisha ukapita. Injini ikazima. Chini hapakuwa na mtu. Vyuma tu, na mfuko wa Naceur.

Boti ikalala upande wa kushoto. Kidogo. Halafu ikainuka, ikatikisika, vile inavyotikisika mtu anaporuka kushuka gatini. Na sisi tulikuwa katikati ya bahari.

Ya kulia ilikubali baadaye, ilipopoa, ikaturudisha. Mondher hakwenda hata kunawa. Alitukokota moja kwa moja mpaka kwa Lella Zakia, ghorofani, nyuma ya soko la samaki.

"Chukua boti yako!" akamfokea mlangoni. "Umeniuzia kaburi!"

Mjane alimtazama Saloua. "Aligonga?"

"Aligonga, Lella. Akakuita."

"Mkafanyaje?"

"Nilimfungulia."

Lella Zakia alishika fremu ya mlango.

"Niliwaambia mgonge. Mgonge tu, ajue mnakuja. Nani aliwaambia mumfungulie?"

"Lakini alikuwa anakosa pumzi..."

"Najua alivyokuwa." Kisha akamwambia Mondher, kwa upole kabisa, "Boti sasa ni yako. Haina mtu." Akafunga mlango. Tukasikia ufunguo ukizungushwa, kitasa cha juu, kitasa cha chini, na kitu kizito kikiburutwa kuuegemea.

Kesho yake injini ya kushoto iliwaka kwa mguso mmoja. Mpaka leo haijasumbua tena. Mondher haendi na boti baharini, na hapati wa kuinunua. Anakwenda gatini, anaiwasha, anaisikiliza inavyonguruma vizuri, na hasira zinampanda upya.

Lella Zakia alikutwa kitandani wiki ile ile. Majirani walilazimika kuvunja mlango, kabati bado limeuegemea kwa ndani, madirisha wazi, mapazia yanapepea. Daktari akasema ni moyo. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu, na Saloua ni miongoni mwa wanawake wanaoosha maiti mtaani kwetu, kwa hiyo alikwenda.

Alirudi akakaa jikoni bila kuvua baibui. Nilimwuliza mara nyingi ndipo akasema, kwa kunong'ona, kana kwamba kuna anayesikiliza chumba cha pili. Mwili ulikuwa safi, shuka safi, nyumba inanukia sabuni. Lakini walipomsafisha puani kwa pamba, pamba ilitoka nyeusi kwa masizi. Wakabadilisha. Ikatoka nyeusi. Pamba iliwaishia, na masizi yalikuwa bado yanatoka.