Kaseti Isiyotaka Kupulizwa

Mshonaji alishtuka mumewe alipopuliza kaseti na pumzi isitoe sauti. Aliona mashavu yakijaa na yakinywea, lakini hakusikia kitu.

Mumewe alijiita Mwindaji, jina kubwa kuliko mawindo yake, maana alichowinda ni kaseti za gemu za zamani. Kila akisafiri alijitosa kwenye maduka ya vitu chakavu, akarudi na mifuko inayonuka vumbi, kisha akamsimanga shemeji yake aliyenunua zake mtandaoni akiwa amejilaza kwenye kochi. Mshonaji aliwaona wote wawili wapuuzi, ila mumewe alikuwa mpuuzi wa kulipa nauli.

"Wewe unaletewa kitandani kama mgonjwa," Mwindaji alikuwa ametoka kumwambia shemeji. "Hii nimeitoa mkononi mwa mzee fundi redio. Eti ananiambia niifute kwa kitambaa, nisiipulize. Mimi ndiye wa kufundishwa?"

Watu wa kaseti hupuliza tu, hata kama hazina vumbi. Alipoichomeka, runinga ilibaki nyeusi, na badala ya muziki ukasikika mhemo wa mtu. Sebule ilinuka kinywa kilichofumbwa siku nyingi.

"Zima," mshonaji alinong'ona.

"Nimezima," alijibu mumewe, waya ukining'inia mkononi.

Tangu hapo Mwindaji alinyauka. Mshonaji akikanyaga cherehani alisikia mashine ya gemu ikihema kabatini, na akiacha kukanyaga ili asikilize vizuri, aligundua kwamba inapovuta pumzi, mumewe pale kitandani hana hata chembe ya pumzi, anakodoa macho akingoja zamu yake kama mtu anayeazimwa kitu chake mwenyewe, mpaka ile ya kabatini iiachie ndipo kifua chake kiinuke.

Mganga aliyeitwa, mama mnene asiyependa maneno mengi, hata viatu hakuvua.

"Jini lililomo linaishi kwa pumzi yake," alisema kwa sauti ya chini. "Irudi kwa yule mzee, mkono kwa mkono. Mwingine asiipulize njiani. Likipata pumzi mpya, hii linaitupa, na mumeo ndiyo basi."

Mwindaji hakuweza hata kufika mlangoni. Akamshika shemeji yake mkono, yule yule aliyemsimanga.

"Shemeji, nenda wewe. Nakuomba."

Shemeji aliapa, akaondoka na kaseti. Baada ya siku chache alirudi, viatu vikiwa safi mno.

"Ulimkuta mzee?" aliuliza mshonaji.

"Dada, zama hizi nani anapanda gari kwa ajili ya kaseti? Nimeiuza mtandaoni. Si mlitaka iondoke?"

Mshonaji alimtazama ndugu yake kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu. Kabla hajafungua mdomo, simu ya shemeji ililia. Akausoma ujumbe kwa sauti, kifua mbele.

"Mteja kaandika: 'Mzigo umefika salama. Iligoma kidogo kuwaka, nikaipuliza.'"

Mshonaji aligeukia kitanda. Kifua cha mumewe kilishuka taratibu, naye akasimama pale akingoja kiinuke tena.