Povu la Kinoa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kidoti alipita nyuma ya darasa kumwagilia miche. Trei za wenzake zilikuwa zimeshavaa kijani. Yao, yeye na Chiriku, ilikuwa na vimche vitatu tu, vimelegea kama nyuzi.

Kinoa ni nafaka yenye punje ndogo, tena ina maringo wakati wa kuota. Mwalimu wa kilimo aliwafundisha kuloweka mbegu usiku mmoja, kuzianika kivulini, kisha kuzipanda juujuu, ili zichipue upesi na kwa nguvu. Chiriku alizichukua akaziloweke kwao. Mwalimu alipouliza, Kidoti alimjibia rafiki yake bila kupepesa macho: zimelowekwa, ameziona mwenyewe. Hakuwa ameona kitu.

Sasa mwalimu alitangaza kwamba trei isiyoota kufikia Ijumaa haitapata tuta katika shamba la shule. Wenzao wakawabandika jina, wakulima wa udongo. Hapo Chiriku akasema, mbele ya darasa zima, kwamba Kidoti ndiye aliyezizamisha mbegu kwa maji mengi.

Kidoti alirudi nyumbani na mbegu chache zilizobaki kati ya zile alizozirudisha Chiriku. Mama yake, muuza miche, hakumbembeleza. Alizitia mbegu zile kwenye kikombe cha maji, akatia za akiba yake kwenye kingine, akazisugua zote kwa vidole. Za akiba zikatoa povu kama sabuni. Za Chiriku, maji matupu.

"Ganda la mbegu ya kinoa ni chungu, nalo ndilo linalotoa povu," alisema Mama. "Hizi zimekobolewa za kupika, viini vimeumia. Zimetoka jikoni kwa mtu."

Kidoti alijua ni jiko gani. Kesho yake alimvuta Chiriku kando. Chiriku akakiri. Alikuwa amezisahau mbegu majini mpaka zikanuka, akaogopa, akachota nyingine kwenye kopo la kinoa ya kupikia la mama yake.

"Nilikutetea," Kidoti alisema. "Wewe ukanitupia lawama."

Walikwenda kwa mwalimu pamoja. Chiriku akasema yake, Kidoti naye akakiri kwamba alithibitisha jambo asiloliona. Mwalimu aliwaachia tuta la pembeni, lenye mawe, wapande upya mbegu alizowapa Mama. Safari hii Kidoti aliziloweka, akazianika na kuzipanda kwa mkono wake. Miche ikatoka kwa pamoja, imesimama wima.

Chiriku alileta kopo la kumwagilia. Kidoti alilipokea, lakini hakucheka naye kama zamani.

"Mbegu zilipooza mngeloweka nyingine siku ileile," Mama, aliyekuja kuitazama miche, aliwaambia wote wawili. "Uongo ndio uliowapotezea muda. Ukikosea, sema mapema. Nawe, mwanangu, usimsemee mtu jambo usiloliona, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana."

Chiriku akaanza kung'oa mawe tutani.